Alama Nne, Jina Moja

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo nimebeba mzigo ulionishinda kuutua peke yangu, kwa hiyo nitaushusha hapa katikati na kila mmoja aushike upande wake. Ndani yake mna watu wanne: vijana watatu wenye karama, na mwalimu mmoja mwenye kalamu.

Mji wao uko Kusini, kwenye mikorosho. Pembeni ya mji huo palikuwa na ghala kuukuu ambamo wanunuzi wa zamani walikuwa wakipokea korosho za wakulima. Biashara ilipohamia kwenye ghala jipya, hili likabaki na popo na mizani moja kubwa ya chuma iliyoshindikana kubebwa. Barnaba Hokororo aliomba ufunguo, akafagia, akatundika gunia la maganda ya korosho darini na kuchora ulingo wa chaki sakafuni. Hiyo ndiyo ikawa Klabu ya Ghala, na yeye akawa Mwalimu. Ngumi zenyewe zilikuwa za ridhaa, maana yake hapana anayelipwa. Ukipigwa, umepigwa kwa ridhaa yako.

Watu wa mji walikuwa na jina moja kwa kila kijana aliyeonyesha dalili njema katika ngumi, hata kabla ya siku za ghala. Walimwita bondia wa kesho. Wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa Mwalimu mwenyewe, enzi akiwa na miaka kumi na minane. Sasa ana hamsini na miwili. Baada yake wameitwa wengine wengi, na leo ukiwatafuta utawakuta wanaziba pancha, wanachoma tofali, wanauza mitumba; kazi za halali zote, ila hakuna hata mmoja aliyeiona hiyo kesho. Mwalimu alilijua jambo hilo vizuri na lilimuuma, ingawa hakuwa mtu wa kulitaja.

Mwaka ninaousimulia, wa kesho walikuwa watatu.

Dadi Nandonde alipewa mkono. Akilipiga gunia, vumbi la miaka ishirini lilimwagika kutoka darini na popo wakahama upande. Mji mzima ulimsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: Dadi alikuwa akija mazoezini anapojisikia, na akija, anakuja ameshiba. Tena mkono wenyewe ulikuwa na ufa. Mfupa wa nyuma ya ngumi ya kulia uliwahi kupasuka ukaunga vibaya, na mganga wa zahanati alimwambia waziwazi, "Ukipata wa kuutunza, mkono huu utakufikisha mbali. Ukiendelea kuufunga kwa matambara, una mwaka mmoja."

Nurdini Chitanda alipewa miguu na pumzi. Alikaa kijijini, kilometa kumi na moja kutoka ghalani, na njia hiyo aliikimbia kwenda na kurudi. Tatizo lake lilikuwa Dadi. Wote wawili walikuwa wa uzito mmoja, klabu inaruhusiwa mtu mmoja kwa kila uzito, na nafasi ilikuwa ya Dadi. Kanuni za mkoa zilimruhusu mwepesi kupanda, zikamkataza mzito kushuka, basi Nurdini akawa anapandishwa kupigana na watu waliomzidi. Alipigana mara sita, akashindwa mara sita, na hakuanguka hata mara moja. Watu walimwambia mvumilivu hula mbivu. Lakini Desemba ile alikuwa anatimiza miaka kumi na tisa, na umri huo, kama mtakavyosikia, ulikuwa mlango wa kufungwa.

Asumini Mchopa alipewa macho. Baba yake ni fundi cherehani, na binti alikua akimtazama mtu anavyoingia dukani na kujua bega lipi limeshuka kabla futi haijachukuliwa. Ulingoni ilikuwa vivyo hivyo: aliiona ngumi ikiwa bado begani. Tatizo lake lilikuwa kukosa wa kumrushia. Mkoa mzima haukuwa na msichana mwingine wa uzito wake aliyefika siku ya pambano. Alikwenda mara tano, akapimwa, akavaa glavu, akapanda ulingoni, akasimama peke yake. Asiyekuwapo na lake halipo, kwa hiyo waamuzi walimpa ushindi wakiwa wamekaa pale pale mezani. Kitabu chake cha bondia kilikuwa na mihuri mitano, yote imeandikwa "Ushindi wa mezani". Mjini wakamwita Bingwa wa Meza. Baba yake, mtu mpole, alimwambia, "Mwanangu, mwaka huu ukiisha hujapigana, rudi kwenye cherehani. Tumechekwa vya kutosha."

Basi, ukaja mwaka wa mashindano ya klabu za mkoa, na safari hii zawadi haikuwa kikombe peke yake. Klabu itakayoshinda ingepeleka bondia mmoja kwenye kambi ya vijana: miaka miwili ya mafunzo, daktari wa michezo, chakula cha kupimwa, na pambano kila mwezi na wapinzani wanaoletwa kutoka kila upande wa nchi. Mvulana au msichana, ilimradi awe hajatimiza miaka kumi na tisa siku ya kuandikishwa. Jina angelichagua mwalimu wa klabu.

Ghala walifika fainali. Hata wao wenyewe walishangaa. Fainali ilikuwa na Ngome, klabu iliyokishikilia kikombe kwa miaka minne.

Sikilizeni kanuni za fainali, maana fumbo letu limelala humo. Mapambano ni matatu. Anayeshinda kwa ngumi analeta alama mbili. Anayeshindwa lakini akamaliza raundi zote tatu kwa miguu yake analeta alama moja. Anayeangushwa asiinuke haleti kitu. Ushindi wa mezani ni alama moja. Na klabu zikilingana alama, kikombe kinabaki kwa mwenyewe, yaani Ngome.

Asubuhi ya Jumamosi, kwenye upimaji, mambo yaliharibika. Dadi aliandikishwa uzito wa kilo sitini. Ghalani, Ijumaa, mizani ilisoma sitini kamili. Alipopanda mizani ya waamuzi, ilisoma sitini na moja na nusu.

"Umekula nini?" Mwalimu alimuuliza.

Dadi aliinamisha kichwa. "Korosho, Mwalimu. Bibi alinikaangia za safari. Nilikula konzi mbili tu."

"Konzi mbili ndiyo kilo moja na nusu?"

"Labda zilikuwa tatu."

Hakuwa na jasho la kutoa. Tangu hizo korosho za Ijumaa mchana hakuwa ameonja hata maji, na midomo yake ilishakauka. Mwamuzi wa mezani alitazama saa na kusema, "Mna dakika tisini. Mkitaka kubadilishana majina, badilishaneni."

Nurdini, ambaye alikuwa amekunywa uji wake na kushiba, alipanda mizani. Sitini na nusu. Hakungoja kuambiwa. Alivaa sweta la Mwalimu, juu yake koti la mvua, akatoka kwenda kuuzunguka uwanja juani. Aliuzunguka kwa saa nzima. Aliporudi alisimama mizanini akitetemeka, na mshale ukasimama kwenye sitini. Hivyo nafasi ya Dadi ikawa yake, siku ambayo hakubakiwa na nguvu ya kuitumia, na Dadi akapandishwa kwenda kwa mtu mzito aliyekuwa wa Nurdini.

Saa nane mchana kengele ililia.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Asumini. Alipanda ulingoni na glavu zake, na kona ya pili ikawa tupu. Ngome hawakuwa na msichana wa uzito ule. Watu walianza kuimba, "Meza! Meza!" wakipiga mabenchi. Asumini alisimama katikati, kidevu kimeshuka, mikono juu, kama vile mpinzani yuko mbele yake, mpaka mwamuzi akamwinua mkono. Ghala moja, Ngome sifuri.

Wa pili alikuwa Nurdini, na mbele yake akasimama nahodha wa Ngome, ambaye mwaka ule wote hakuna aliyemfikisha raundi ya tatu. Asumini aliinama kwenye kona akamwambia, "Kabla hajarusha wa kulia, huinua kisigino. Ukiona kisigino, ondoka." Nurdini akawa anaondoka. Aliondoka raundi ya kwanza nzima. Raundi ya pili miguu ilianza kumsaliti, akala makonde ya mbavu na moja la sikio. Raundi ya tatu hakuna aliyejua anasimama kwa kitu gani. Mara mbili aligusa kamba, mara mbili mwamuzi akamtazama machoni, na mara mbili akajibu, "Nipo." Kengele ya mwisho ilimkuta wima. Alishindwa, bila shaka, akaleta alama moja. Ghala mbili, Ngome mbili.

Wa tatu alikuwa Dadi. Mpinzani wake alimzidi kilo mbili na kiganja kizima cha urefu wa mkono. Raundi mbili Dadi alikuwa akipiga hewa. Kwenye kona Asumini alimnong'oneza, "Akirudisha wa kushoto anaushusha hadi kwenye mkanda. Mngoje arudishe." Dadi alingoja. Alikula makonde matatu ya uso akingoja. La nne lilipokuwa linarudi aliachia ule mkono wa kulia, na ukumbi wote ukasikia mlio wake. Jamaa wa Ngome alikaa chini, akahesabiwa mpaka nane, akainuka, akamaliza. Lakini raundi ile na pambano lile yalikuwa yameshakwenda. Ghala nne, Ngome tatu.

Piga hesabu mwenyewe. Ondoa alama ya Asumini: tatu kwa tatu, kikombe kinabaki Ngome. Ondoa alama ya Nurdini: tatu kwa tatu, kikombe kinabaki Ngome. Ondoa ushindi wa Dadi, sema ameshindwa lakini kwa miguu yake: Ngome nne, Ghala tatu. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema, ila hawakusema baada ya chawa kuvunjika pete avalishwe kidole kipi.

Katibu wa mashindano alimkabidhi Mwalimu fomu. "Jina moja," alisema. "Mwisho Jumatatu saa kumi jioni. Ukiandika mawili, fomu imeharibika na nafasi inakwenda kwa klabu ya pili."

Jumatatu Mwalimu aliwaita watatu ghalani. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala vizuri, lakini sababu haikuwa fomu. Ilikuwa kauli moja ya Asumini, ya miezi miwili nyuma. Siku hiyo alikuwa amesimama kando ya ile mizani ya chuma akasema, "Mwalimu, mshale wa mizani hii hauanzi kwenye sifuri." Namba ya sifuri ilishafutika kwa kutu, na hapana aliyejishughulisha kutazama mshale unalala wapi mizani ikiwa tupu. Nani hupima kitu kisichokuwapo? Mwalimu alicheka siku ile mbele ya wote akamjibu, "Mizani hii imepima korosho za wilaya nzima, itashindwa na wewe?" Tangu hapo Asumini alikuwa akijipimia kwenye mizani ya mashine ya kusaga unga.

Sasa ghalani palikuwa na mfuko wa saruji wa kuziba sakafu, haujafunguliwa, kilo hamsini zimeandikwa ubavuni. Mwalimu aliuinua akauweka mizanini. Mshale ulipanda, ukatikisika, ukasimama kwenye arobaini na nane na nusu.

Wote wanne walikuwa watoto na wajukuu wa wakulima wa korosho. Walielewa mara moja kwa nini mizani iliachwa, na kwa nini babu zao walikuwa wakirudi nyumbani wakilalamika kwamba magunia yalikuwa mazito zaidi kichwani kuliko mizanini.

"Dadi," Mwalimu alisema, "hukuzidi kwa korosho za bibi yako. Ulizidi kwa mizani yangu. Asumini aliniambia, nami nikamcheka. Nisamehe."

Dadi alikaa juu ya mfuko wa saruji. Tangu Jumamosi alikuwa akipita vichochoroni ili asikutane na watu. "Kwa hiyo siyo mimi?"

"Siyo wewe."

"Hata ningefunga siku mbili?"

"Hapa ungesoma hamsini na tisa, na mimi ningekwambia nenda ukale."

Dadi alimgeukia Asumini. "Wewe ulijua?"

"Nilimwambia Mwalimu."

"Mimi hukuniambia."

"Mwalimu akishacheka, mimi ni nani wa kusema mara ya pili?" Asumini alijibu, lakini macho yake yalikuwa sakafuni, kwa sababu alijua jibu hilo halitoshi.

Nurdini, mwenye sikio lililovimba, alisema taratibu, "Na mimi nimezunguka juani saa nzima kwa korosho ambazo hazina kosa." Wakacheka wote, kidogo, kisha kicheko kikaisha.

Mwalimu aliweka fomu juu ya mizani. "Semeni," aliwaambia. "Leo siyo siku ya adabu. Kila mtu aseme lake."

Dadi akasema: "Alama mbili nilileta mimi, kati ya nne. Nilipigana na mtu aliyenizidi, kwa mkono wenye ufa. Kosa nililobebeshwa si langu. Nisipokwenda kwa daktari wa kambi, mkono huu mwakani utafaa kubangua korosho tu."

Nurdini akasema: "Mwaka mzima nilipigwa na wakubwa ili Dadi akae kwenye uzito wangu. Siku nilipokirudia kiti changu, nilikirudia bila pumzi, na bado sikuanguka. Dadi ana miaka kumi na saba, Asumini kumi na sita. Mimi Desemba mlango unafungwa. Wao wana kesho nyingine, mimi sina."

Asumini akasema: "Kisigino niliona mimi. Mkono wa kushoto niliona mimi. Mizani niliona mimi. Wote mmepigana, mmejua ninyi ni nani. Mimi nimeinuliwa mkono mara sita na sijui kama naweza kupigana. Kambini kuna wapinzani. Hapa kuna meza."

Mwalimu alisikiliza. Kila aliposikia mmoja aliona ni yeye, na mwingine alipoanza akaona ni huyo. Alikumbuka mwaka wake wa kumi na minane, fomu kama hii, na mwalimu wake aliyeandika jina la mwenzake bila kutoa sababu. Hakuwahi kumlaumu mwenzake. Sababu tu ndiyo alitaka kuijua, na mwenye nayo alishakufa.

Akachana karatasi vipande vitatu. "Kila mmoja aandike jina la anayeona anastahili. Kwa herufi kubwa, nisijue mwandiko."

Wakaandika, wakakunja, wakatia kwenye glavu. Mwalimu akakunjua kimoja kimoja. Cha kwanza: DADI. Cha pili: ASUMINI. Cha tatu: NURDINI. Kila jina lilitokea mara moja. Kama kila mtu alijiandika mwenyewe, au kila mmoja alimwandika mwenzake, hilo hawakusema na Mwalimu hakuuliza.

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na nusu. Kutoka ghalani hadi ofisi ya katibu ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu wa miaka hamsini na miwili. Mwalimu aliuondoa mfuko wa saruji, akapiga magoti, akaifuta kutu kwa pindo la shati mpaka akaona pale sifuri ilipokuwa zamani, na mshale ukiwa umelala chini yake. Kisha akachukua kalamu.

Nami hapo ndipo ninapoutua mzigo. Yuko aliyeshinda kwa ngumi, yuko aliyeshindwa kwa miguu yake, yuko aliyeshinda bila kupigana. Mkono unaharibika, umri unapita, kitabu kina mihuri na hakina pambano. Dakika kumi zimebaki kabla ya kutoka, na mstari kwenye fomu unatosha jina moja.

Haya, wewe ungemwandika nani? Usinijibu kwa haraka. Na kabla hujawapima watoto wa watu, je, umeshatazama mshale wa mizani yako unalala wapi ikiwa tupu?